Kalamu ya Mwalimu: Historia ya Programu za Kutengenezea Tovuti katika Mafunzo ya Ualimu

Mwanafunzi wa ualimu anayekusudia kuliweka somo lake katika tovuti hukutana kwanza na swali ambalo wahandisi wa kompyuta hulidharau: atumie programu ipi? Huliuliza kwa wenzake, na kila mmoja humtajia ile aliyojifunzia yeye. Huliuliza kwa mwalimu wake, naye, mara nyingi, humtajia ile iliyokwisha kuwamo katika mashine za chuo. Hivyo chaguo hufanywa kabla ya kufikiriwa. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba swali hilo lina historia yake, tena historia ya zaidi ya miaka 30, na kwamba vyuo vichache vilivyolishughulikia kwa makini vimetuachia mbinu ambazo zinatufaa hata sisi tulioko Kongo, ambako umeme hukatika na mtandao hulipiwa kwa kipimo.

Wauzaji wa programu huisimulia historia hiyo kama hadithi ya maendeleo: zamani ilikuwa taabu, leo ni raha. Sisi tunaiona kwa namna nyingine. Kila mara mwandishi alipopunguziwa kazi, alinyang'anywa pia kitu fulani. Na mara nyingi hakutambua amenyang'anywa nini mpaka siku mwenye programu alipofunga duka.

Tuanze na mwanzo wenyewe, kwa sababu una jambo ambalo wengi wamelisahau. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na Geneva, alitoa pendekezo lake la kwanza mwezi Machi 1989. Mwishoni mwa mwaka 1990 alikuwa amekwisha kuandika programu ya kwanza ya wavuti, iliyofanya kazi katika kompyuta za aina ya NeXT. Programu hiyo ilikuwa kivinjari na kihariri kwa pamoja. Aliyesoma ukurasa aliweza, katika dirisha lilelile, kuandika ukurasa wake na kuutia viungo. Kusoma na kuandika havikutenganishwa. Lakini mashine za NeXT zilikuwa ghali na chache. Kwa hiyo, ili watu wengine wapate kusoma, Nicola Pellow, aliyekuwa bado mwanafunzi, aliandika kivinjari chepesi ambacho kingeweza kutumika katika karibu kila aina ya kompyuta. Hicho kilisoma tu. Mosaic, iliyotolewa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Illinois na kuifanya wavuti ijulikane duniani, nayo ilikuwa ya kusomea tu. Mwaka huohuo, tarehe 30 Aprili, CERN ilitangaza kwamba mtu yeyote anaweza kuitumia teknolojia ya wavuti bila malipo. Basi wavuti iliwafikia walimu ikiwa maktaba isiyo na kalamu. Biashara yote ya programu za kutengenezea tovuti imezaliwa katika pengo hilo.

Mwalimu aliyetaka kuandika kati ya mwaka 1993 na 1996 aliandika kwa mkono, tukiruhusiwa kusema hivyo: alifungua kihariri cha maandishi matupu, akaandika maneno yake pamoja na alama za HTML, akalihifadhi faili, kisha akalitazama katika kivinjari. Kazi hiyo ilikuwa ya kuchosha, lakini haikuwa na siri. Alama zenyewe za msingi hazizidi thelathini, na mwanafunzi mwenye bidii huzishika kwa juma moja au mawili. Sisi waandishi wa Kiswahili tulikuwa na nafuu ambayo wenzetu wa Kifaransa hawakuwa nayo: maandishi yetu hayana herufi zenye alama juu. Ukurasa wa Kifaransa uliotumwa kutoka mashine moja hadi nyingine ulifika na herufi za ajabu mahali pa é na ç. Ukurasa wa Kiswahili ulifika salama. Balaa letu lilikuwa moja tu, nalo lilitoka baadaye, pale watu walipoanza kuandika katika Word na kulihifadhi faili kama ukurasa wa wavuti. Word hugeuza ile alama ya juu iliyonyooka kuwa iliyopinda, na katika mashine nyingi ng'ombe akafika akiwa na alama ya kuuliza katikati ya jina lake.

Programu zenye vitufe zilikuja mbio katika miaka miwili. Mwaka 1996 Netscape ilitoa Navigator Gold, na mwaka uliofuata ikatoa Communicator, ambamo mlikuwa na kihariri kilichoitwa Composer. Mwezi Januari 1996 Microsoft iliinunua kampuni changa ya Vermeer Technologies, kwa bei iliyotajwa kuwa dola milioni 130 hivi, ili ipate programu yake ya FrontPage. Desemba 1997 Macromedia ilitoa Dreamweaver. Tofauti kati ya hizo tatu si ya rangi ya vitufe. Composer ilikuwa maskini: iliandika ukurasa mmoja mmoja, bila mapambo mengi, na matokeo yake yalikuwa faili la kawaida linaloweza kuwekwa mahali popote. Navigator ilitolewa bure kwa shule na vyuo, na hilo ndilo lililoieneza katika vitivo vya elimu vya Marekani, si uzuri wake. FrontPage ilisimamia tovuti nzima na ilipendwa na walimu kwa kuwa ilifanana na Word. Ila baadhi ya mambo yake matamu, kama fomu za kujazwa na vihesabio vya wageni, yalifanya kazi tu ikiwa seva ilikuwa imetiwa viongezo maalumu vya FrontPage. Aliyehamisha tovuti yake kwenda seva nyingine aliona nusu ya vitufe vimekufa. Tena matoleo yake ya awali yalikuwa na tabia ya kuyaandika upya maandishi ya mtu bila kumwuliza. Dreamweaver iliyaheshimu maandishi yaliyokwisha kuandikwa kwa mkono, na kwa sababu hiyo watu wa kazi hiyo waliipenda. Lakini ilikuwa programu ya mafundi, yenye madirisha mengi kuliko mahitaji ya mwalimu wa jiografia.

Hapo ndipo vyuo vya ualimu vilipoingia. Mwaka 1999 Wizara ya Elimu ya Marekani ilianza kutoa fedha za kuwaandaa walimu wa kesho kutumia teknolojia, na katika vyuo vingi mwanafunzi alianza kudaiwa atengeneze jalada la kazi zake katika tovuti kabla ya kuhitimu. Nini kilifundishwa? Mahali pengi kilifundishwa kitufe. Bonyeza hapa, chagua pale, hifadhi. Mwanafunzi alipata alama zake akaenda zake; na toleo la programu lilipobadilika, elimu yake ilibadilika kuwa kumbukumbu. FrontPage yenyewe haikupata toleo jipya baada ya lile la 2003, na mwaka 2006 Microsoft iliiweka kando. Dreamweaver ilipita mikononi mwa Adobe pamoja na Macromedia yote mwaka 2005, na tangu 2013 Adobe imekuwa ikitoa matoleo mapya ya programu zake kubwa kwa malipo ya kila mwezi. Mwalimu aliyehitimu akiwa hodari wa kitufe hakuwa na la kufanya ila kujifunza upya au kuacha.

Kulikuwa na walimu wa walimu walioona mbali zaidi, na tungependa kukaa nao kidogo. Wa kwanza ni Bernie Dodge wa Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Diego. Mwanzoni mwa mwaka 1995 alikuwa akifundisha wanafunzi wa ualimu, naye alitaka waijue Archaeotype, programu ya kuigiza uchimbaji wa mambo ya kale iliyotengenezwa katika shule ya Dalton mjini New York. Programu yenyewe hakuwa nayo. Badala ya kuhutubia, aliwapa wanafunzi vyanzo: ripoti ya tathmini, kurasa chache za wavuti, na nafasi ya kuzungumza kutoka mbali na watu walioifahamu programu hiyo. Kisha akawapa kazi: amueni kama programu hii ingefaa katika shule mtakayokwenda kufundisha, na kama ingefaa, itumiweje. Msomaji atambue kwamba zoezi hilo lilikuwa zoezi la kuchagua programu, tena programu ambayo hakuna hata mmoja darasani aliyeigusa. Wanafunzi walipima ushahidi, wakabishana, wakaamua. Katika uzoefu huo Dodge aliona umbo la somo, na mwaka huohuo akaliandikia, akishirikiana na Tom March. Umbo hilo ndilo WebQuest: utangulizi, kazi, njia ya kuifanya, vyanzo, tathmini, hitimisho.

Kwa historia yetu, lililo muhimu katika WebQuest ni jinsi ilivyowafikia walimu. Dodge aliweka violezo: kurasa tupu zenye vichwa vilivyokwisha kupangwa, ambazo mwanafunzi alizichukua na kuzijaza kwa programu yoyote aliyokuwa nayo. Mwenye Composer alitumia Composer, mwenye Dreamweaver alitumia hiyo, na asiye na kitu alitumia kihariri cha maandishi matupu. Somo lilitangulia, chombo kikafuata. Tom March alishiriki pia katika Filamentality, ya kampuni ya simu ya Pacific Bell, ambayo ilimruhusu mwalimu kujaza nafasi zilizoachwa wazi na kupata ukurasa bila kujua HTML hata kidogo. Ilisaidia wengi. Lakini kurasa hizo zilikaa katika nyumba ya mwenye simu, na mpangaji hana hati ya kiwanja.

Wa pili ni Helen Barrett wa Chuo Kikuu cha Alaska kilichoko Anchorage, mtaalamu wa majalada ya kielektroni. Kuanzia mwaka 2004 alifanya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laonekana kama kazi ya bure: alichukua jalada lake moja, lenye maandishi yaleyale, akalijenga upya katika programu moja, kisha katika nyingine, kisha katika nyingine tena, mpaka zikazidi ishirini, huku akieleza ugumu na urahisi wa kila moja. Kwa kuwa yaliyomo hayakubadilika, tofauti zote zilizoonekana zilitokana na chombo. Tunathubutu kusema kwamba hakuna njia iliyo bora kuliko hii ya kumfundisha mwanafunzi kuchagua. Haihitaji programu ishirini, mbili zatosha. Mwanafunzi aandike kurasa tatu za somo lake, azijenge mara mbili kwa programu mbili, kisha aeleze kilichomkwaza. Atakayofahamu katika juma hilo hayapatikani katika orodha yoyote ya sifa za programu.

Sasa tugeukie upande wa wapangaji, kwa sababu ndipo palipo na hasara. GeoCities ilianza mwaka 1994 huko California, ikigawa nafasi za bure na kuzipanga kama mitaa ya mji. Mtaa wa elimu, fasihi na falsafa uliitwa Athens. Walimu wengi wa nchi nyingi walijenga humo. Yahoo iliinunua mwaka 1999, na tarehe 26 Oktoba 2009 ikaifunga. Kilichookoka kiliokolewa na wanaharakati wa kuhifadhi, Archive Team na Internet Archive, ambao walikwenda wakinakili usiku na mchana kabla ya milango kufungwa. Wikispaces, iliyoanza mwaka 2005 na kugawa maelfu ya nafasi za bure kwa walimu, ilitangaza kufungwa mwaka 2018. Google Sites ilitolewa mwaka 2008; mwaka 2016 likaja toleo jipya kabisa, na tovuti za toleo la kwanza hazikuhamia zenyewe: mwenye tovuti alipaswa kuzigeuza, na si kila kipande kilikubali kugeuzwa. Hatusemi kwamba kampuni hizo zilikosea. Zilikuwa mali yao. Twasema tu kwamba kazi ya mwalimu ina umri wa miaka thelathini, na nyumba za bure tulizozitaja hazijaonyesha umri huo.

Kando ya njia hiyo ilikuwepo nyingine, nyembamba, ambayo haikufungwa. Composer haikufa pamoja na Netscape. Msimbo wake uliingia katika mradi wa Mozilla, na kutoka huko Mfaransa Daniel Glazman, aliyewahi kufanya kazi Netscape, akatengeneza Nvu, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2005. Nvu ilipoachwa, wengine waliichukua wakaiita KompoZer, na Composer yenyewe ikaendelea kuishi ndani ya SeaMonkey. Jina lilibadilika mara kadhaa, lakini faili la mwaka 1997 bado lafunguka. Katika miaka hiyo ya 2000 ikazaliwa pia eXeLearning huko New Zealand, ikikusudiwa waziwazi walimu wasiojua HTML. Baadaye Wahispania waliishika na kuiendeleza. Mwalimu hupanga somo lake kwa sura na mazoezi, na programu humtolea folda ya kurasa za kawaida, ambayo yaweza kuwekwa katika seva au kubebwa katika ufunguo wa USB na kufunguliwa mahali pasipo na mtandao kabisa. Zote mbili hupatikana kwa Kifaransa. Katika vyuo vyetu jambo hilo si dogo, kwani mwanafunzi wetu husomea ualimu kwa Kifaransa hata kama anafikiri kwa Kiswahili.

Na Kiswahili je? Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Nayo, kama ilivyo desturi ya OpenOffice, iliweza kuhifadhi maandishi kama ukurasa wa wavuti. Kwa mara ya kwanza mtu angeweza kutengeneza ukurasa wa Kiswahili akiongozwa na menyu za Kiswahili. Msamiati wake ulikuwa wa sanifu ya Dar es Salaam. Mwanafunzi wa Lubumbashi, ambaye mjini amezoea kusikia ordinatere na si tarakilishi, alihitaji tafsiri ya tafsiri. Tungefurahi kuona siku moja mwanafunzi wa isimu akiutafiti umbali huo; ni mada nzuri ya kazi ya mwisho.

Kwetu Kongo, anwani yenyewe ya nchi katika mtandao ina historia ya misukosuko: Zaire ilikuwa na .zr, nchi ikabadilishwa jina mwaka 1997, ikaja .cd, na ile ya zamani ikafutwa mwaka 2001. Kebo ya baharini ya WACS iliunganishwa Muanda mwaka 2013 tu, na kutoka Muanda hadi Katanga ni safari. Kwa hiyo programu nyingi za leo zinazofanya kazi ndani ya kivinjari tu, kama Wix au Google Sites, humdai mwanafunzi kitu ambacho chuo hakiwezi kumwahidi: mtandao usiokatika wakati wote wa kuandika. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, yaweza kusimikwa katika kompyuta ya chumba kimoja bila mtandao wa nje, lakini inahitaji seva na hifadhidata, yaani mtu wa kuitunza. Chuo chenye mtu huyo na kiitumie. Chuo kisicho naye kisidanganyike na sifa zake.

Makosa yanayowakwamisha wanafunzi si ya programu hii au ile, na kwa hiyo yafaa kufundishwa kabla ya programu yoyote. Mwanafunzi huweka picha katika ukurasa, huiona vizuri, huupeleka ukurasa darasani, na picha haipo. Kumbe ukurasa ulikuwa ukiitafuta picha katika diski ya kompyuta yake, si katika folda ya tovuti. Au ameliita faili Picha.JPG na katika ukurasa ameandika picha.jpg: Windows husamehe, seva nyingi hazisamehi. Au ameacha nafasi katikati ya jina la faili. Aliyefahamu kwamba tovuti ni folda yenye mafaili yanayotajana kwa majina huyatengeneza makosa hayo kwa dakika tano, kwa programu yoyote. Asiyefahamu huilaumu programu, huitafuta nyingine, na hukutana na kosa lilelile. Ndiyo maana sisi twapendelea mwanafunzi aandike ukurasa wake wa kwanza katika kihariri cha maandishi matupu, mmoja tu, kisha achague.

Kuna mfano mmoja ulio karibu nasi kuliko San Diego na Alaska. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, aliandika historia ya mji wetu kwa Kiswahili cha mji wetu, nayo ikajulikana kwa jina lake la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ilikuwa kazi ya taipu, ya kurasa chache, isiyo na mchapishaji. Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990. Kisha yeye na Vincent de Rooij, katika Chuo Kikuu cha Amsterdam, wakaanzisha katika wavuti hifadhi ya matini za Kiswahili cha watu, ambamo andiko la Yav liliwekwa pamoja na mazungumzo yaliyorekodiwa Katanga miaka ya 1970. Na mwaka 2008 Fabian aliandika kitabu kizima, Ethnography as Commentary, kuhusu maana ya kuandika juu ya matini ambayo msomaji anaweza kuifungua mwenyewe katika hifadhi hiyo. Kurasa zake zilikuwa maandishi na tafsiri na viungo, basi. Hakuna kitufe kilichocheza. Mwanafunzi wetu aliweza kuzinakili zote katika disketi chache, akazisoma nyumbani umeme uliporudi, na kumwachia mwenzake nakala.